Ampli ya tano sinunue tena
Ndani ya miaka tatu nilibadilisha ampli mara nne. Kila moja niliipima na wimbo ule ule: « Indépendance Cha Cha » ya African Jazz, iliyorekodiwa Bruxelles mwaka 1960. Kusema kweli, wimbo wenyewe sikuusikiliza. Nilitafuta tu besi.

Juzi nikasogeza bafle mbali kidogo na ukuta. Kumbe ukuta njo ulikuwa unavumisha besi! Nikakaa, nikafuata gitaa ya Docteur Nico mpaka mwisho: nyepesi, haisukumane na waimbaji, inawajibu. Hata ampli ya kwanza ilikuwa inaitoa vizuri.

Pesa ya ampli ya tano nimeipeleka kwenye minerval ya mtoto, ile nilikuwa nachelewesha.