Yamal alikuwa anamsubiri nani?

Dakika ya 47, fainali ya Euro 2024, Uwanja wa Olimpiki wa Berlin. Dani Carvajal anautoa mpira kwa nje ya mguu wa kulia, unamkuta Lamine Yamal kwenye winga ya kulia. Luke Shaw yuko mbele yake. Dogo, aliyetimiza miaka 17 jana yake, anaingia ndani na mguu wake wa kushoto, anaukokota mpira kuelekea katikati, na hapo anafanya jambo ambalo kwenye kibanda umiza lingemponza: hatoi pasi. Watu wanapiga kelele atoe. Anaukokota tena. Kisha anausukuma kushoto, anatokea Nico Williams, shuti la chini la mguu wa kushoto, mpira unakatiza mbele ya Jordan Pickford hadi kona ya mbali. Hispania 1, Uingereza 0.

Kesho yake habari ilikuwa moja tu: Hispania wana mawinga wenye mbio. Ni kweli wanazo, Nico hasa. Ila bao lile ukilirudia polepole utaona halikufungwa kwa mbio. Beki aliyekuwa na kazi ya kumlinda Nico ni Kyle Walker, mmoja wa mabeki wenye kasi zaidi waliopata kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Wangewekwa kwenye mstari mmoja wakimbie mita 40, nisingethubutu kumwekea Nico hata mia. Walker hakuzidiwa mbio, alikuwa mahali pasipofaa. Yamal alipokuwa akija katikati, Álvaro Morata na Dani Olmo nao walikuwa wakikimbia na kuwavuta mabeki, na ukuta mzima wa Uingereza ukasogea ndani kuziba. Walker akasogea nao. Nico akabaki pembeni hadi dakika ya mwisho, na kila hatua ambayo Yamal aliichelewesha pasi ilimwongezea mwenzake nafasi ya hatua moja. Pasi ilipofika, mbio zenyewe zilikuwa zimeshakwisha.

Nalisema hili kwa sababu ya jinsi tunavyowapima vijana wetu. Nenda mechi yoyote ya kirafiki ya kabla ya msimu, timu imepandisha dogo kutoka kikosi cha vijana, anacheza namba saba. Akiusukuma mpira mbele na kumtimua fulubeki hadi kwenye kibendera, jukwaa zima linasimama. Mpira ukitoka nje bado anapigiwa makofi: "Ana spidi huyu, mwacheni akomae." Mwenzake wa upande wa pili anapokea, anasimama, anamwangalia beki, anarudisha pasi kwa kiungo. Huyo ameshahukumiwa: mzito. Kesho wapiga porojo wa kijiweni watamtafutia timu ya mkopo.

Mechi ya kurudia kuitazama ni ya Hispania na Italia, Gelsenkirchen, tarehe 20 Juni. Giovanni Di Lorenzo, beki mzoefu wa Napoli, alipata usiku mbaya mno mbele ya Nico. Ukimfuatilia Nico peke yake, jambo la kwanza linalokushangaza ni muda anaosimama. Anapokea karibu na chaki, mpira mguuni, amesimama kabisa. Di Lorenzo naye lazima asimame. Hapo sasa mchezo umebadilika, maana beki aliyesimama hana kasi yoyote ya kuanzia, na ikiwa ameelekeza nyonga zake ndani ili kuziba njia ya kuingia kwenye boksi, kugeuka kwenda nje kutamla hatua nzima. Nico anahitaji mita tatu au nne tu. Bao la pekee, dakika ya 55, lilianza hivyo: Nico akatoka upande wa kushoto na kumimina krosi, Morata akaigusa kwa kichwa, Gianluigi Donnarumma akaipunguza kwa vidole, ikamgonga Riccardo Calafiori ikaingia nyavuni kwake mwenyewe.

Makocha wa viungo hutenganisha mambo mawili ambayo jukwaani tunayaita jina moja. Kuna kasi ya juu, ile mtu anayoifikia akishakimbia mita 30 hivi bila kizuizi, na kuna mchomoko, yaani hatua zake za kwanza. Winga wa kisasa haipati ile ya kwanza mara nyingi. Timu nyingi zikicheza na mkubwa hukaa nyuma, na nyuma ya fulubeki hakuna mita 30 za kukimbilia, ziko 15 na kipa anazisogelea. Kisha kuna la tatu ambalo halipigiwi makofi kabisa: kufunga breki. Dereva wa bodaboda anayejua kazi hajulikani kwenye lami iliyonyooka, anajulikana kwenye tuta. Bao la Nico dhidi ya Georgia mjini Cologne, dakika ya 75, linapendwa na wapenda mbio kwa sababu lilikuwa la kaunta tupu, mpira mrefu wa Fabián Ruiz na yeye akiukimbilia. Lakini alipofika kwenye boksi alikata ndani, beki akapitiliza, ndipo akaukandamiza juu ya nyavu. Mbio zilimfikisha. Aliyefunga ni yule aliyejua kupunguza.

Yamal ndiye bingwa wa kupunguza. Nusu fainali, Munich, dhidi ya Ufaransa, dakika ya 21: yuko nje ya boksi upande wa kulia, Adrien Rabiot amemsimamia. Anayumba huku, anayumba kule, mpira haujaenda popote. Rabiot anahamisha uzito wa mwili mguu mmoja, na hiyo nusu mita inatosha. Shuti la kushoto linapinda, linagonga mlingoti wa mbali na kuingia, Mike Maignan akiruka bure. Akawa mfungaji mdogo kuliko wote katika historia ya Euro, miaka 16 na siku 362. Katika bao lile hakuna aliyekimbia.

Usiku uleule, upande wa pili wa uwanja, alikuwepo Kylian Mbappé, ambaye kwa mbio hana wa kumfundisha. Tunamkumbuka Kazan, Kombe la Dunia la mwaka 2018, ana miaka 19, akiuchukua mpira kwenye nusu ya Ufaransa na kuivuruga Argentina nzima hadi Marcos Rojo akamwangusha kwenye boksi, na Antoine Griezmann akafunga penalti. Argentina walikuwa wamepanda wakaacha uwanja wazi nyuma. Munich, aliyepangwa kumkaba alikuwa Jesús Navas, miaka 38, kwa kuwa Carvajal alikuwa akitumikia adhabu. Tulisema mzee atazikwa hai. Mbappé alimpa Randal Kolo Muani krosi ya bao dakika ya tisa, krosi ya utulivu si ya mbio, na baada ya hapo uwanja ukamwishia. Hispania haikumwachia mgongo wa Navas ukiwa mtupu. Kila alipopokea alimkuta mtu wa pili. Navas alitolewa dakika ya 58, Hispania ikiongoza 2-1, na ndivyo ilivyokwisha.

Kwa vijana kuna mtego mwingine. Dogo wa miaka 15 anayewaacha wenzake mbali mara nyingi amewatangulia kubalehe tu. Miguu imerefuka, misuli imekaza, wenzake bado watoto. Miaka minne baadaye wote wamelingana, na yule aliyekuwa akitegemea mbio hajawahi kulazimika kujifunza chenga, wala kuinua kichwa, wala kujua aanzie wapi. Wazito wa jana ndio wanaoingia kikosi cha kwanza. Yamal alisalimika kwa kuwa alitupwa kwa watu wazima mapema mno, huko mbio za utotoni hazimsaidii mtu.

Kwa hiyo mimi kwenye mechi za vijana simwangalii dogo mwenyewe sana. Namwangalia beki anayemkaba, hasa miguu yake, sekunde chache kabla mpira haujafika. Beki akianza kurudi nyuma mapema, ameuacha mstari wake na kuwaacha viungo wake mbali, winga ameshafanya kazi hata kama hajagusa mpira. Beki akisimama wima bila wasiwasi, basi mbio za dogo ni za mapambo.

Simon Msuva ni mfano wetu wa karibu. Jangwani, kwa Yanga, walimwimba kwa mbio, lakini msimu wa 2014/15 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, na winga hafungi 17 kwa kukimbia na kibendera. Anafunga kwa kufika kwenye boksi wakati ambao hakuna anayemtazama. Tarehe 21 Januari 2024, San-Pédro, AFCON, akiwa na miaka 30 na zile mbio za ujana zimepungua, alifanya hivyohivyo dhidi ya Zambia. Dakika ya 11, Mbwana Samatta akawavuta mabeki na kutoa pasi, Msuva akafika, bao. Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, sisi Watanzania tukawa na uwanja mpana wa kukimbilia kwa kipindi kizima. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa, na mpira ulipigwa na Clatous Chama, mchezaji ambaye Msimbazi, kwa Simba, walimsifia kwa kila kitu isipokuwa mbio.