Karata, Ngeli na Thamani: Uhakiki wa Mfano Mmoja wa Programu

Miongoni mwa mifano iliyozoeleka katika kufundisha uandishi wa programu za kompyuta ni mfano wa karata. Njia ya kuandika inayohusika hapa ni ile iliyoanzishwa Norwe na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika lugha ya Simula 67. Njia hiyo humtaka mwandishi aieleze mashine kwamba kila kitu kina sifa fulani na kinaweza kutenda mambo fulani. Vitu vya namna moja huwekwa chini ya kielelezo kimoja, ambacho katika makala haya kitaitwa ngeli. Neno darasa, wanalolikimbilia baadhi ya wafasiri, humrudisha msomaji katika chumba cha wanafunzi, na hapo maana hupotea.

Mfano unaostahili kupimwa ni ule wa Allen Downey katika kitabu chake Think Python (2012). Kuna ngeli ya karata, ngeli ya jozi nzima ya karata, na ngeli ya karata za mkononi. Kila karata hubeba namba mbili. Namba ya kwanza ni ya aina yake: pau ni 0, uru 1, kopa 2 na shupaza 3. Namba ya pili ni ya cheo chake: ree ni 1, ghulamu 11, malkia 12 na mfalme 13. Kisha karata hupewa uwezo wa kujilinganisha na mwenzake na kutambua ipi iliyo kubwa.

Mfano huu ukifundishwa Kikatiti, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi, mwanafunzi atakuja na majina aliyoyarithi katika lugha yake. Shupaza, kopa, uru na pau ni maneno ya Kireno yaliyovaa Kiswahili. Vivyo hivyo seti, yaani saba. Lakini jina lililo hazina kubwa zaidi ni mzungu. Kamusi za zamani zinaonyesha kwamba mfalme huitwa mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, na malkia mzungu wa pili. Mtu wa sarufi atadhani kwamba hizi ni namba za mpango, wa pili akitangulia wa tatu. Sivyo. Katika sueca, mchezo wa Wareno, mfalme ana hesabu ya 4, ghulamu 3 na malkia 2. Ree ina 11 na saba ina 10. Kila aina ina hesabu ya 30, jumla yote ni 120, na mwenye kufikisha 61 ameshinda. Jina la Kiswahili limehifadhi hesabu ya mchezo ndani yake.

Basi mwanafunzi huyo akiiga kitabu neno kwa neno, programu yake itasema kwamba malkia humla ghulamu na mfalme huila seti. Mzee yeyote aliyezoea hesabu hizo atacheka. Kosa si la namba zilizochaguliwa tu, maana namba hubadilishwa kwa dakika moja. Kosa ni kuiweka thamani ndani ya karata. Kopa ikiwa turufu, mbili ya kopa huila hata ree ya uru. Karata zikigawiwa upya, turufu huweza kuwa shupaza, na mbili ileile ikawa si kitu. Katika lasti kadi hakuna suala la mkubwa wala mdogo. Hutazamwa ulinganifu wa aina au wa namba. Karata haiwezi kujua jambo lisilokuwa lake.

Ni haki kukiri kwamba Downey mwenyewe aliliona jambo hili. Anasema kwamba jibu huenda likategemea mchezo unaochezwa, kisha anachagua wepesi kwa ajili ya wanaoanza. Udhuru huo wakubalika kwa ukurasa mmoja. Haukubaliki kwa mwalimu wa Kiswahili anayetafsiri, kwa sababu wanafunzi wake wana majina yanayokanusha mfano uliomo mkononi mwake.

Dosari ya pili ni ndogo. Karata za mkononi zimefanywa zirithi kutoka katika jozi nzima, na kwa hiyo mchezaji amerithi hata uwezo wa kuchanganya na kugawa. Mkono si namna ya jozi. Ni mafungu mawili yanayofanana kwa kuwa yote ni ya karata.

Lililo sawa ni kuwa na ngeli ya mchezo, yenye kuulizwa karata ipi yala ipi na ina hesabu gani, kisha turufu na lasti kadi zirithi kutoka kwake, kila moja ikijibu kwa kanuni zake. Karata yenyewe ibaki na aina na jina tu. Na jina hilo liandikwe mzungu wa nne, pasipo kulitafsiri kuwa mfalme, maana mfalme hamwambii msomaji kwamba hesabu yake ni nne.