Fani na Maudhui ya Muhtasari wa Mtihani katika Masomo ya Tiba: Mfano wa Kakamega

Wahakiki wa Afrika Mashariki wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Yapo lakini maandishi mengine, yasomwayo kwa bidii kuliko riwaya yoyote, ambayo hayajatupiwa jicho ipasavyo. Nayo ni muhtasari anaouandaa mwanafunzi wa tiba kabla ya mtihani. Mjini Kakamega, penye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, tawi la Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya na hospitali kuu ya kaunti ambamo wanafunzi hujifunza kazi, maandishi ya namna hii hayakosi wasomaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba muhtasari ni utanzu kamili, na kwamba dosari yake kubwa si kukaririsha, kama inavyodaiwa mara kwa mara, bali kukaririsha kwa lugha moja maarifa ambayo yatatumika kwa lugha nyingine.

Tukianza na fani, muhtasari ni maandishi ya mkato. Mifupa ya mtu mzima ni 206. Neva za kichwa ni jozi 12. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Mapigo ya moyo wa mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Viunganishi vimeng'olewa, na sababu zimeachwa nje. Ukavu huu si aibu, maana kukariri elimu ni jadi kongwe. Ibn Sina, mganga na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliitunga elimu ya tiba kwa nadhamu ya beti zaidi ya elfu moja ili wanafunzi waihifadhi moyoni. Madrasa nazo zimefundisha sarufi ya Kiarabu kwa Alfiyya ya Ibn Malik, yenye beti elfu moja hivi. Aliyehifadhi nadhamu hizo alihifadhi jambo pamoja na maneno ya kulielezea, kwa kuwa mizani na vina vilimzuia asiyapoteze. Mwanafunzi wa leo hukumbuka zile neva 12 kwa sentensi ya Kiingereza iliyoundwa kutokana na herufi za mwanzo za majina yake. Sentensi hiyo yaweza kumfaa katika chumba cha mtihani, lakini nje ya Kiingereza haina maana yoyote.

Kwa upande wa maudhui, yafaa kutofautisha hoja iliyobeba sababu yake na hoja iliyo tupu. Ugonjwa wa selimundu ni mfano wa hoja ya kwanza. Katika mnyororo mmoja wa hemoglobini, asidi ya amino moja tu, iliyo katika nafasi ya sita, imebadilishwa na nyingine. Badiliko hilo dogo huifanya seli ijikunje mfano wa mundu panapopungua oksijeni, na hapo damu huziba katika vijishipa na maumivu huanza. Anayekumbuka chanzo aweza kuyafikia matokeo mwenyewe. Mfano wa hoja ya pili ni ule usemao kwamba homa ya malaria itokanayo na Plasmodium falciparum hurudi kila baada ya saa 48. Kwa mujibu wa mzunguko wa kimelea, hoja hii ni sahihi. Hata hivyo, homa ya mgonjwa wa malaria hii aghalabu haifuati saa, hasa katika siku za mwanzo. Mwanafunzi aliyekariri tarakimu bila maelezo aweza kumwona mtoto ambaye homa yake haina mpangilio, akaiondoa malaria katika hesabu zake. Kakamega imo katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambamo malaria ni ugonjwa wa kila siku, na kosa kama hilo laweza kuugharimu uhai.

Uzito zaidi uko katika lugha. Muhtasari hutenga ateri, vena na neva, na mtahiniwa azichanganyaye hupoteza alama. Mgonjwa anayesema Kiswahili ana neno moja, mshipa, nalo laweza kuwa njia ya damu, neva, au hata ngiri. Mkono wake huanzia begani hadi vidoleni, na mguu wake kutoka pajani hadi unyayoni. Neno homa ndilo gumu kupita yote. Kwa msemaji wa Tanzania ni joto la mwili, na mara nyingi malaria yenyewe, hali kwa Wakenya wengi ni mafua. Mama asemaye kwamba mtoto ana homa huenda hajasema lolote juu ya joto. Maneno haya yote hayamo katika muhtasari, kwa kuwa mtihani hauyaulizi.

Yaweza kujibiwa kwamba istilahi za Kiswahili zimekwisha kuundwa na kwamba kamusi zipo. Jibu hili lina ukweli nusu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, na kazi ya waundaji istilahi yastahili sifa. Lakini mgonjwa hasemi Kiswahili cha kamusi. Wagonjwa wengi wa Kakamega husema kwanza Kiluhya, chenye lahaja nyingi, na Kiswahili chao kimebeba mzigo wa lugha hiyo. Istilahi sanifu humsaidia mwalimu kumfundisha mwanafunzi. Humsaidia kidogo tu mwanafunzi kumwelewa mgonjwa.

Kwa hiyo, muhtasari bora ungehitaji safu tatu: hoja yenyewe, sababu yake, na maneno ambayo mgonjwa huyatumia kuitaja, pamoja na swali la kumuuliza ili maana ibainike. Penye "homa" pangeandikwa: "Mwili una joto, au ni mafua?" Penye "mshipa" pangeandikwa: "Nionyeshe kwa kidole." Safu hiyo ya tatu haiwezi kuandikwa na idara ya tiba peke yake, wala na idara ya lugha peke yake. Madhali mtihani hauiulizi, wanafunzi nao hawataiandika. Marekebisho basi hayana budi kuanzia kwa watunga mitihani.