Uhakiki wa Istilahi za Kulandanisha Faili

Istilahi haipimwi kwa usanifu wa mnyambuliko wake peke yake. Hupimwa pia kwa tendo analolifanya mtu baada ya kuisoma. Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi tatu zinazotumika katika maelekezo ya kompyuta za ofisini, nazo ni "sawazisha", "haribika" na "safisha". Zote ni maneno ya kawaida yanayoeleweka na kila mtu, na hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa kuwa msomaji haoni haja ya kuuliza.

Kwanza hapana budi kulieleza jambo lenyewe. Katika ofisi nyingi, faili za kazi huwekwa katika seva, yaani kompyuta kuu ambayo watumishi huifikia kwa njia ya mtandao. Tangu ilipotoka Windows 2000, kompyuta ya mtumishi imeweza kujiwekea nakala za faili hizo katika akiba yake, ili kazi iendelee hata mtandao ukikatika. Mtandao unaporudi, nakala mbili hulinganishwa. Ikiwa moja tu ndiyo iliyobadilika, hiyo huchukua nafasi ya nyingine. Ikiwa zote mbili zimebadilika, pana mgongano, na mtumishi huulizwa aamue: ibaki hii, ibaki ile, au zibaki zote mbili kwa majina tofauti.

(a) Sawazisha

Istilahi hii imeenea sana, na programu za Google huitumia. Katika matumizi ya kila siku, kusawazisha ni kuondoa tofauti: fundi husawazisha kiwanja kwa kupunguza penye kilima na kujaza penye shimo. Karani aliyezoea maana hiyo hutarajia kwamba aliyoyaandika yeye na aliyoyaandika mwenzake yatachanganywa yawe kitu kimoja. Sivyo ilivyo. Akichagua "ibaki hii" bila kufikiri, kazi ya mwenzake hufunikwa. "Landanisha" ina nafuu, kwani kulandana ni kufanana, nayo haiahidi kuchanganya chochote. Wapo watakaosema kwamba "sawazisha" imekwisha kuzoeleka, kama "kompyuta" ilivyozoeleka na kuziacha nyuma "ngamizi" na "tarakilishi". Hoja hiyo ina uzito. Basi mfasiri anayeibakiza aeleze papo hapo ni nakala ipi itakayochukua nafasi ya nyingine.

(b) Haribika

Neno la Kiingereza lililo asili ya istilahi hii hutumika kwa mla rushwa na kwa maandishi yaliyovurugika vilevile. Mfasiri asiyeangalia huandika "ufisadi wa faili", akamwacha msomaji akimtafuta mwizi. "Haribika" imeepuka kosa hilo, lakini inabeba mambo matatu yasiyofanana. La kwanza, yaliyomo katika faili yamevurugika, pengine kwa sababu mawasiliano yalikatika wakati wa kunakili, na faili haifunguki. La pili, faili inafunguka vizuri ila imefunikwa na nakala nyingine. La tatu, faili iliyoko katika seva ni nzima, bali akiba ya kompyuta moja ndiyo iliyovurugika.

Dawa zake ni mbalimbali. Kwa la kwanza na la pili, hutafutwa nakala ya awali iliyohifadhiwa katika seva au kwingineko. La tatu hutambulikana kwa kuifungua faili ileile katika kompyuta nyingine iliyounganishwa moja kwa moja na seva: ikifunguka, na ile ya kwanza ikashindwa, akiba ndiyo ya kutiliwa shaka. Mtumishi anayeripoti tu kwamba faili "imeharibika" hamsaidii fundi kujua aanzie wapi.

(c) Safisha

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Akiba ikivurugika, fundi huweza kuifuta ili ijengwe upya, na maelekezo huandika "safisha akiba". Kikombe kikisafishwa hubaki kikombe, na uchafu ndio unaoondoka. Akiba ikifutwa, huondoka pamoja na kazi yote ambayo haijafika kwenye seva. Mtumishi aliyekuwa safarini wiki nzima bila mtandao huweza kupoteza wiki nzima ya kazi kwa neno moja la upole.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. "Landanisha" itumike kwa tendo la kufananisha nakala za seva na za akiba.

2. "Haribika" igawanywe: "faili iliyovurugika", "faili iliyofunikwa" na "akiba iliyovurugika".

3. "Safisha akiba" iachwe, na mahali pake iandikwe "futa akiba", ikitanguliwa na onyo kwamba faili ambazo hazijalandanishwa zinakiliwe kwanza mahali pengine.

Walimu wanaofundisha matumizi ya kompyuta wanaombwa kuzijaribu istilahi hizi darasani na kuangalia, zaidi ya kama zinapendeza, kama mwanafunzi akizisoma hufanya tendo lililokusudiwa.