Solo Ilibaki, Ridhimu Ikaondoka

Wilson na George Kinyonga, ndugu walioongoza bendi ya Simba Wanyika, walikosea Novemba 1978, na kila Sina Makosa, wimbo wa wale waliowaacha, inapopigwa kwenye redio ya duka hapa Sigowet nazidi kuamini hivyo. Mpiga ridhimu akikuacha, utahangaika lakini utapona. Mpiga besi vilevile. Ila kiongozi anayewaachia mpiga ridhimu, mpiga besi na mpiga drams watoke pamoja, kwa mlango mmoja, hesabu yake si ya watu watatu tena. Bendi yenyewe imetoka, yeye amebaki na jina.

Najua jamaa zangu wa Kapsoit wameshaanza kunijibu kabla hawajafika aya ya pili. Kwao mwenye solo ndiye mwenye bendi, tangu enzi za redio ya VOK hawajabadilika, na mimi sijabadilika. Safari hii wasome mpaka mwisho ndipo tubishane.

Kazi ya ndugu hawa kabla ya hapo haina dosari. Mwaka 1966 walikuwa Jamhuri Jazz ya Tanga, 1970 wakahamia Arusha wakaanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, 1971 wakavuka mpaka hadi Mombasa, na katikati ya miaka ya 1970 Simba Wanyika ilikuwa Nairobi, imepanda klabu kwa klabu, mji kwa mji, bila kuruka ngazi. Kupanda namna hiyo ndiko kunakofaa.

Sasa tuje kwenye kosa.

Waliotoka ni Omar Shabani wa ridhimu, yule waliyemwita Profesa, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drams, na wenzao wengine pamoja nao. Upande wa pili walibaki Wilson na solo yake, George na sauti yake, na zile nyimbo ambazo watu walikuwa wamezizoea. Mtu wa kawaida akitazama mgawanyo huo ataona Wakinyonga wameshinda: mbele ya jukwaa pamebaki palepale, walioondoka ni wale wa nyuma ambao msikilizaji hawajui hata kwa sura. Kosa linaanzia kwenye macho hayo. Anayepima bendi kwa anayesimama mbele ya maikrofoni anapima vibaya.

Chukua mtindo wa Wanyika ulivyosukwa. Solo iko juu, inaingia na kutoka, inamjibu mwimbaji anapovuta pumzi. Ridhimu haimjibu mtu. Inashika kijipande kifupi cha sauti chache, inakirudia kwa mkono uleule tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha, na ubora wake wote uko katika kutobadilika pale ambapo kidole kinatamani kubadilika. Besi ya Malanga nayo haijazi kila pigo. Inapiga, inanyamaza, inaacha nafasi, na katika nafasi hiyo ndipo unapoisikia ridhimu ya Shabani wazi kabisa. Wale wawili walikuwa wamegawana kimya. Huyu akisema, yule anangoja. Na drams za Rashid Juma zinakaa chini yao bila kupiga kelele, zinaweka njia tu. Makubaliano ya namna hiyo hayaandikwi kwenye karatasi akakabidhiwa mgeni. Yanapatikana kwa kupiga pamoja usiku baada ya usiku, saa nne mpaka alfajiri, watu wakicheza na wengine wakilala mezani, hadi mkono wa mmoja unajua mkono wa mwenzake unakwenda wapi.

Hapo ndipo uamuzi ule unaponiudhi. Ukimpoteza mmoja kati ya watatu hao, wawili waliobaki wanamfundisha mgeni. Anaketi katikati yao, wanambeba wiki kadhaa, anaingia. Wakiondoka wote, hakuna wa kumfundisha yeyote. Wilson anaweza kumwimbia mpiga ridhimu mpya kile kijipande, anaweza hata kumshikia gitaa amwonyeshe vidole, lakini hawezi kupiga solo na wakati huohuo awe ule ukuta ambao solo yake iliegemea miaka yote. Kiongozi mwenye akili ya kiufundi angeng'ang'ania angalau mmoja. Angempa Malanga chochote alichotaka. Angempa Shabani sehemu ya jina la bendi, ikibidi. Sijali nani alimkosea nani ndani ya nyumba yao. Nazungumzia sauti, na kwa upande wa sauti hakukuwa na bei ambayo ingekuwa kubwa mno.

Na ndugu hawa walikuwa na sababu ya kulijua hilo kuliko kiongozi yeyote wa Afrika Mashariki wakati ule. Wao wenyewe walikuwa wametoka Jamhuri Jazz pamoja, hawakutoka mmoja mmoja. Walijua kikundi kidogo kilichozoeana kinapoondoka kinaondoka na nini. Arusha Jazz iliwezekana kwa sababu walikwenda wakiwa tayari wameshonana. Miaka minane baadaye wakaachia jambo lilelile litokee kwao.

Waliotoka walifanya jambo ambalo bendi zetu za leo haziwezi hata kulifikiria: wakajifungia na mazoezi karibu miezi sita kabla ya kupanda jukwaani Garden Square, Nairobi. Miezi sita bila kiingilio! Wakamwongeza Issa Juma kwenye sauti, na John Ngereza, Mtanzania mwingine, akaja na gitaa na koo ambalo ukilisikia mara moja hulisahau. Wakajiita Les Wanyika, kwa fasheni ya Wakongo ya siku hizo. Mwaka 1979 Sina Makosa ilikuwa kila mahali. Ilifika kwenye kambi za majani chai huku kwetu, ambako Mkipsigis, Mjaluo, Mkisii na Mluhya walichuma mstari mmoja, kwa hiyo wimbo wa Kiswahili ulikuwa na wasikilizaji tayari. Ilifika Sondu siku ya soko.

Iweke tena leo uisikilize kwa kazi. Usimfuate mwimbaji, kisa cha wimbo unakijua. Fuata ridhimu peke yake kuanzia mwanzo, na usiiache hata solo inapokuita. Utagundua kwamba wimbo hausukumwi na kitu chochote kizito. Ni mwembamba, msafi, una nafasi nyingi kuliko nyimbo za bendi kubwa za wakati wake, na bado mguu unakwenda. Kinachouendesha ni yale makubaliano ya Shabani na Malanga, yale yale yaliyotoka nje ya Simba Wanyika Novemba. Santuri za siku hizo zilikuwa ndogo na nyimbo zilikuwa ndefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati na kuendelea upande wa pili, na ilikuwa kawaida upande huo kuachiwa magitaa. Nimelalamika miaka mingi kuhusu watangazaji na madijei wanaopiga upande wa kwanza tu kisha wanakata. Wanakata kazi yenyewe wanabakiza utangulizi. Kizazi kizima kimekua kikidhani Les Wanyika ni maneno ya mapenzi na sauti ya Ngereza.

Tena watangazaji haohao ndio wanaopiga wimbo wa Paulina wakasema ni ya Simba Wanyika. Si ya Simba, ni ya Les Wanyika. Nitalirudia hili kila mwaka nikiwa hai.

Wa Kapsoit watanitajia Mbaraka Mwinshehe. Aliondoka Morogoro Jazz 1973, akaanzisha Super Volcano, na watu wakamfuata. Je, hapo si solo iliyoondoka na bendi? Ni hoja nzuri na ninaijibu hivi: Mbaraka alikuwa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi katika mwili mmoja, na kama yeye sijasikia mwingine kabla wala baada. Huwezi kutunga kanuni kwa mtu wa aina hiyo. Alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979 huko Mombasa, wakati Les Wanyika wakiwa bado kwenye mazoezi yao, na tangu siku hiyo hakuna mpiga solo katika eneo hili aliyestahili kusema peke yake kwamba yeye ni bendi. Wilson Kinyonga alikuwa fundi mkubwa. Lakini hakuwa Mbaraka.

Ushahidi mwenyewe uko ndani ya ukoo wa Wanyika, na nashangaa hautajwi. Mapema miaka ya 1980 Issa Juma naye aliondoka Les Wanyika. Hapo mambo yaligeuzwa: safari hii sauti ya mbele ndiyo iliyotoka, ridhimu na besi zikabaki. Les Wanyika ikafa? Haikufa, haikuyumba. Ngereza akaimba, Shabani na Malanga wakaendelea kugawana kimya chao, na ukiweka wimbo wao wa baadaye utaitambua bendi kabla mtu hajafungua mdomo. Issa Juma kwa upande wake alikuwa na kipaji kisicho na ubishi, na wimbo wake Sigalame ulitikisa nchi. Lakini tazama majina aliyopitia: Super Wanyika, Wanyika Stars, na mengine yaliyozaliwa humo humo. Mwimbaji mkubwa asiye na watu wake wa nyuma hubadilisha jina kila mara, kwa kuwa kila mara anaanza upya. Bendi mbili, mitengano miwili, na jibu ni lilelile mara zote mbili. Sijui mtu anataka mizani gani zaidi.

Simba Wanyika walijaza nafasi, wakarekodi vizuri miaka ya 1980, wakafika hadi Uholanzi, ambako albamu yao Pepea ilitoka 1992. George alifariki mwishoni mwa mwaka huo na Wilson 1995. Hayo ni mafanikio na ninayaheshimu. Hata hivyo, nikiwekewa rekodi zao za kabla na za baada ya 1978, za kabla zina ukuta na za baada zina rangi nzuri juu ya ukuta wa watu wengine.

Sisi wa huku tulipaswa kulielewa jambo hili mapema, maana lilikuwepo kwetu kabla ya gitaa kufika. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wimbo wa Chemirocha pale Kapkatet, upande wa Bureti, mwaka 1950. Wengi wanaouandika wanakimbilia jina la Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyesikika kwenye gramafoni akageuzwa kiumbe cha ajabu, na wanaishia hapo. Hawasemi lolote kuhusu chepkong', kile kinubi chetu. Chini ya sauti za wale wasichana kuna nyuzi zinazorudia sauti chache zilezile bila kupanda, bila kujionyesha, na wasichana wanaweza kuchelewa au kuwahi wanavyotaka kwa sababu chini pako imara. Ridhimu ya Shabani ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo. Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et walilielewa, ndiyo maana nyimbo zao zinachezeka hata kwenye redio mbovu yenye betri inayoelekea kuisha. Na Chandarana, pale Kericho mjini, aliyetoa santuri za Wakipsigis na za benga, angetufaa zaidi kama lebo zake zingeandika nani alipiga ridhimu. Karibu kampuni zote za santuri za wakati huo ziliandika jina la bendi na la mtunzi, basi. Wapiga ridhimu wa miaka ishirini wamepotea kwa wino wa mstari mmoja ambao haukuandikwa.

Nimeyaandika haya wiki hii kwa sababu bendi moja ya vijana hapa Sigowet, ambayo nimeifuata tangu ilipoanza kwenye harusi, imemwacha mpiga ridhimu wake na kununua kinanda chenye drams za mashine. Wanasema kinanda kinafanya kazi ya watu watatu na hakidai nauli. Hesabu ya nauli ni sahihi. Nilikwenda kuwasikiliza. Mashine inapiga kila pigo kwa nguvu ileile, haimwachii mtu nafasi, na mpiga solo wao, kijana hodari sana, amelazimika kupiga noti nyingi mara mbili ya zamani ili asikike. Besi inafuata mashine badala ya kuzungumza na mtu. Kufikia wimbo wa tatu watu walikuwa wamekaa, na walikaa kwa sababu wote walikuwa wanasikia kitu kimoja kimejaa kuanzia juu mpaka chini.

Yule kijana wa ridhimu bado yuko hapa, anachuma chai mchana na gitaa lake liko nyumbani. Disemba ndio msimu wa harusi na sherehe za vijana wanaotoka jandoni. Wana muda wa kutosha kumrudisha, wamkalishe na mpiga besi peke yao wawili, bila solo na bila mwimbaji, jioni baada ya jioni, na kinanda kibaki kwenye sanduku mpaka hao wawili watakapokubaliana nani ananyamaza lini.