Malkia 5,000 ndani ya mirija: jinsi sisimizi wanavyofugwa, na jinsi ufugaji ulivyogeuka magendo

Tarehe 5 Aprili 2025, maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) waliingia katika nyumba ya wageni Naivasha, Kaunti ya Nakuru, na kukuta sisimizi malkia wapatao 5,000, wamefungiwa hai katika vyombo 2,244 vilivyozibwa kwa pamba. Wenye mzigo walikuwa vijana wawili wa Kibelgiji, kila mmoja na umri wa miaka 19. Tarehe 7 Mei, Hakimu Njeri Thuku wa mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta aliwatoza faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Adhabu hiyo hiyo ilitolewa kwa raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja, walionaswa katika kesi tofauti wakiwa na mamia ya sisimizi waliopakiwa kwenye mabomba ya sindano. Wote wanne walikiri mashtaka.

Vijana wale walijitetea kwamba wanapenda kufuga sisimizi na hawakujua kuwa wanavunja sheria. Hapa Eldoret utetezi huo uliwashangaza wengi, maana mkulima wa Uasin Gishu anapomwona mdudu huyu shambani hafikirii kumfuga. Lakini ufugaji upo, una wafuasi wengi Ulaya, Asia na Marekani, na una ufundi wake. Anayeuelewa ufundi huo ataelewa pia kwa nini mzigo wa Naivasha ulikuwa mwepesi kubebwa, na kwa nini hoja ya burudani haikusimama mahakamani.

Mwili wa malkia

Mvua zinapoanza, kiota kilichokomaa hutoa majike na madume wenye mabawa. Huruka kwa wingi kwa muda mfupi, jinsi wakazi wa magharibi mwa Kenya wanavyowaona kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua. Jike hupandwa katika msafara huo, na dume hufa muda mfupi baadaye. Mbegu za kiume alizopokea jike huingia katika kifuko kilicho tumboni mwake, na humo hubaki hai kwa miaka. Hapandwi tena. Kila yai la kibarua, yaani sisimizi mfanyakazi wa kiota, atakalotaga maishani hurutubishwa kutoka akiba hiyo moja. Malkia mmoja wa sisimizi weusi wa Ulaya, Lasius niger, aliishi karibu miaka 29 akiwa amefugwa.

Akishatua, malkia huyang'oa mabawa yake mwenyewe, huchimba shimo na kujifungia ndani. Katika jamii nyingi, wakiwemo sisimizi wavunaji waliokamatwa, hatoki tena kutafuta chakula. Misuli mikubwa iliyokuwa ikiyaendesha mabawa haina kazi sasa, hivyo mwili huivunjavunja na kuigeuza lishe yake na ya mabuu wake wa kwanza. Kwa wiki kadhaa anaishi kwa maji, giza na utulivu tu.

Sifa hizo mbili, akiba ya mbegu na uwezo wa kukaa bila kula, ndizo zinazowezesha ufugaji. Ukimpata malkia mmoja aliyepandwa, umepata kiota kizima cha kesho ndani ya mwili wa sentimita mbili hivi. Huhitaji dume, wala chakula, wala udongo.

Kazi ya mrija

Mfugaji huchukua mrija wa maabara na kuujaza maji hadi theluthi moja. Husukuma donge la pamba hadi liguse maji na kulowa, lakini lisivujishe. Sehemu iliyobaki kavu ndiyo chumba cha malkia. Mdomo wa mrija huzibwa kwa pamba nyingine inayopitisha hewa, kisha mrija hufunikwa kwa karatasi au kitambaa ili ndani kuwe giza.

Pamba iliyolowa hutoa unyevu polepole, na unyevu ndio uhai wa mayai, kwa sababu yakikauka yamekufa. Ukuta laini wa mrija haumpi malkia sababu ya kuchimba. Giza humtuliza; malkia anayesumbuliwa kwa mwanga na mitikisiko mara nyingi huyala mayai yake. Kwa hiyo mfugaji stadi hujizuia kuchungulia. Vibarua wa kwanza wakishatoka, wakiwa wadogo kuliko watakaofuata, pamba ya mdomoni huondolewa na mrija huunganishwa na sinia ya kulishia. Kingo za sinia hupakwa mafuta au poda ya talkamu ili wasipande na kutoroka. Baada ya miezi mingi, kundi likifika mamia, huhamishiwa kiota kikubwa cha plasta au tofali laini.

KWS ilieleza kwamba vyombo vilivyokamatwa viliandaliwa ili sisimizi waishi hadi miezi 2 na wapenye ukaguzi wa uwanja wa ndege bila kugunduliwa. Makadirio hayo yanalingana na maumbile niliyoyaeleza. Malkia halii, hatoi harufu anayoisikia mtu, halishwi wala hasafishiwi safarini. Mrija wenye pamba hauna chuma cha kuamsha mashine. Kifaa kile kile kinachomsaidia mwanafunzi kutazama kiota kikizaliwa ndicho kinachomfaa mlanguzi.

Hesabu inavyosema

Malkia 5,000 katika vyombo 2,244 ni wastani wa zaidi ya wawili kwa kila chombo. Anayetaka kuanzisha kiota humweka malkia peke yake, kwa kuwa katika jamii nyingi malkia wawili waliofungiwa pamoja hugombana, na mara nyingi mmoja huuawa vibarua wakishazaliwa. Kuwabana wawili au watatu katika mrija mmoja ni ufungashaji wa safari. Mtu wa burudani anahitaji malkia mmoja. Akihofia kwamba hakupandwa au atakufa, atatafuta watano. Elfu tano hawaelezeki kwa mapenzi ya wadudu. Hakimu Thuku alifikia uamuzi huo huo: wingi wa malkia na thamani ya spishi yenyewe vilipita mipaka ya burudani.

Spishi hiyo ni Messor cephalotes, sisimizi wavunaji wakubwa wa Afrika Mashariki, wenye wekundu na vichwa vipana. Hukusanya mbegu za nyasi, huziweka katika maghala chini ya ardhi na kuzitafuna ziwe uji mgumu wa kulishia mabuu. Silaha yao kubwa ni taya, si mwiba. Wafugaji wa ng'ambo wanawatamani kwa ukubwa wao, rangi yao, na kwa sababu kundi linalokula nafaka ni rahisi kulilisha. Wakati wa kesi, bei iliyoripotiwa Uingereza kwa malkia mmoja ilianzia takriban pauni 100, yaani karibu Sh17,000. Kwa bei hiyo, malkia 60 wanatosha kulipa faini ya Sh1 milioni. Mzigo wote ungefika Sh85 milioni. Adhabu inayolipwa kwa sehemu ndogo hivyo ya mzigo haimtishi mfanyabiashara mkubwa. Inamwongezea gharama tu.

Eldoret na wekundu wake

Eldoret iko katika mwinuko wa takriban mita 2,100, na Gilgil, eneo la malisho linalotajwa sana katika biashara hii, iko karibu mita 2,000. Hali ya hewa haitofautiani sana. Hapo pana funzo la kiufundi. Mfugaji wa London au Hanoi hulazimika kuigiza nyanda za juu za Kenya kwa mikeka ya umeme na vipimajoto. Mkazi wa mitaa ya Eldoret kama Langas au Kapsoya anayo hewa inayokaribiana nayo bila gharama. Tatizo lake ni usiku tu, joto linaposhuka hadi nyuzi 10 hivi na ukuaji wa mabuu ukapungua kasi. Sanduku la mbao lililowekwa mbali na dirisha na sakafu ya saruji linapunguza mabadiliko hayo. Chakula kipo kila duka: wimbi, mtama, mbegu za nyasi, na mara moja moja nzi aliyekufa.

Lakini wadudu wekundu wanaojulikana zaidi huku kwa kuuma ni siafu, na siafu hawafugiki. Malkia wao hana mabawa, haanzishi kundi peke yake, na hawezi kuishi bila jeshi lake. Kundi linaweza kuwa na mamilioni ya vibarua, huhamahama, na hula wadudu hai kwa wingi usioweza kutolewa nyumbani. Kundi jipya hupatikana kundi la zamani linapogawanyika. Hakuna mrija wala sanduku linaloweza kuubeba utaratibu huo. Anayetaka kuwajua siafu awatazame njiani wanapopita, akiwa hatua chache mbali kwa usalama.

Hasara iko wapi?

Watetezi wa biashara hii wana hoja inayostahili kujibiwa. Wanasema malkia wengi wanaoruka hufa hata hivyo; ndege, mijusi, buibui na sisimizi wengine huwamaliza kabla hawajachimba. Mlanguzi basi, kwa maoni yao, anachukua waliokwisha kupotea.

Hoja hiyo inasahau kwamba anayekusanya hachagui wa kufa. Anaokota kila malkia aliyefika chini salama, hasa wale wenye nguvu waliomaliza safari. Kiota cha wavunaji huishi miaka mingi, kwa hiyo hasara haionekani mwaka huu wala ujao. Itaonekana viota vizee vitakapokufa bila vichanga vya kushika nafasi. Hapo mbegu za nyasi hazitasambazwa, udongo hautageuzwa, na wanyama wanaowala sisimizi hao watakosa riziki.

Hasara ya pili iko kule wanakopelekwa, na Kenya imeionja yenyewe. Laikipia imevamiwa na sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, wanaowaua sisimizi wa asili wanaoilinda miti ya migunga dhidi ya tembo. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2024 ulionyesha mnyororo mzima. Miti iliyopoteza walinzi ilivunjwa na tembo, uwanda ukawa wazi, na simba wakakosa maficho ya kuvizia punda milia. Punda milia walikuwa asilimia 67 ya windo la simba mwaka 2003, na wakashuka hadi asilimia 42 mwaka 2020. Simba wakageukia nyati. Mdudu mdogo aliyehamishwa alibadilisha chakula cha simba. Kila mrija unaovuka mpaka unabeba hatari ya namna hiyo kwa nchi ya mtu mwingine.

Njia halali ipo

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haiishii kwa tembo na faru. Mdudu wa asili naye ni mnyamapori, na kumfanyia biashara bila kibali ni kosa. Kenya pia imo katika Itifaki ya Nagoya, inayotaka nchi na jamii zenye rasilimali za kijenetiki zipate mgao wa haki zinapotumiwa na wengine. Malkia wa Gilgil anayeuzwa London bila kibali haiachii Gilgil hata shilingi moja.

Tunao mfano wa kusafirisha wadudu hai kihalali. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, ulioko Gede, umewawezesha wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa kwa maonyesho ya ng'ambo, na wakazi wakapata sababu ya kuulinda msitu. Hata hivyo sisimizi si vipepeo. Kipepeo huzaliana bandani, kizazi baada ya kizazi. Sisimizi wavunaji hupandana katika msafara wa kuruka, na ni vigumu mno kuuigiza kizuizini, kwa hiyo karibu kila malkia anayeuzwa ametolewa porini. Ndiyo maana siungi mkono kufungua soko la nje la sisimizi sasa, hata kwa leseni, kabla viota havijahesabiwa na kiwango cha kuvuna hakijajulikana.

Ninachounga mkono ni ufugaji wa kujifunza, hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi vina wanafunzi wa biolojia, na Nairobi kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. KWS iweke utaratibu wa kibali ulio wazi na wa bei nafuu kwa shule na vyuo: malkia mmoja, wa spishi ya eneo hilo hilo, asiyeuzwa wala kuhamishwa kaunti. Mtoto aliyemwona malkia akilea mabuu kwa misuli ya mabawa yake atakuwa mlinzi bora wa kiota kuliko bango lolote.

Kwa msomaji wa Uasin Gishu na kaunti jirani, ushauri wangu ni huu. Ukimwona mtu akiokota malkia kwa mamia baada ya mvua, ripoti kwa KWS. Ukiahidiwa shilingi chache kwa kila malkia unayemwokota, kumbuka bei yake kule anakopelekwa, na kumbuka kwamba mmoja wa waliotozwa faini ya Sh1 milioni alikuwa Mkenya. Na ukitaka kufuga, anzia kwenye ofisi ya KWS kuomba kibali, kabla ya kununua mrija.