Daktari Mpya, Funguo za Zamani

Langas tunajua kuhama. Mpangaji akitoka anabeba godoro, anarudisha funguo, mpya anaingia. Doctor Who imeishi kwa sheria hiyo tangu 1966, afya ya mwigizaji mkuu, William Hartnell, ilipozorota. Badala ya kufunga kipindi, waliamua kwamba Daktari, kiumbe wa sayari nyingine, akikaribia kufa mwili wake hugeuka kuwa mwingine. Patrick Troughton akaingia. Ujanja wa kuokoa kazi ukawa roho ya hadithi: ili mpya aje, wa zamani lazima aende, na wewe mtazamaji ulie kidogo.

Sasa twende Desemba 2023. Zamu ni ya Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali aliyekulia Uskoti baada ya familia yake kukimbia mauaji ya kimbari ya 1994. Jirani yetu kabisa! Lakini safari hii David Tennant hakutoka. Mwili uligawanyika, wakabaki Madaktari wawili. Hata nguo waligawana: Tennant suruali, Gatwa shati.

Wanaomtetea mwandishi, Russell T Davies, husema Daktari alistahili kupumzika baada ya vita vingi. Sawa, hoja ina uzito. Ila mbona mapumziko yaje zamu ya huyu? Gatwa alicheza vizuri, lakini kila akikwama ulijua mwenye nyumba wa zamani yuko bustanini anakunywa chai.

Mei 2025, baada ya misimu miwili, Gatwa aligeuka akawa sura ya Billie Piper. Yeye hakuachiwa bustani.